Samaki Wasio na Uzito: Je, Juu ni Wapi?

Mtoto wa mvuvi ajua tangu udogo wake ya kwamba samaki aliye mzima huogelea mgongo juu na tumbo chini. Akimwona samaki amegeuka, tumbo lake jeupe likielekea mbinguni, husema, Huyu amekufa, au karibu atakufa. Lakini mwulizeni mtoto huyo, au hata babu yake aliyezeekea ziwani, Je, samaki ajuaje ya kuwa juu ni juu? Atawatazama kwa mshangao. Maana tangu kale hapakuwa na mtu aliyeona maji yasiyo na uzito, wala samaki aliyekosa chini. Jambo lisilokosekana kamwe haliulizwi habari zake.

Katika siku zetu jambo hili limeulizwa, tena limejibiwa kwa sehemu. Watu wamepeleka samaki mbali juu ya nchi, ndani ya vyombo viizungukavyo dunia, mahali ambapo uzito hausikiki, wakawatazama waendavyo. Habari hizi twataka kuzieleza hapa, si kwa kuwafurahisha wapendao mambo mageni tu, bali kwa sababu ndani yake mna swali la zamani sana, nalo latugusa sisi sote tuleao watoto na kufundisha sharika: Mtu husimama wima kwa nini? Je, ni kwa uzito ulio juu yake, au ni kwa nuru imwangazayo?

Kwanza yatupasa kueleza maana ya kukosa uzito. Wengi hudhani ya kuwa huko juu nguvu ya nchi ya kuvuta vitu imekwisha. Sivyo. Kwenye kimo cha kilometa 400 hivi, ndiko vipitako vyombo vingi vya namna hiyo, uvutano wa nchi ungali karibu sehemu tisa katika kumi za ule tuujuao hapa chini. Bali chombo chenyewe chaanguka, na vyote vilivyomo vyaanguka pamoja nacho. Mfikirini chungu mdogo aliye juu ya embe mtini. Embe likikatika, chungu na embe huanguka kwa mwendo mmoja, na katika safari ile fupi chungu hamlemei embe, wala embe halimchukui chungu. Kila mmoja ni kama asiye na uzito mbele ya mwenziwe. Chombo cha angani ni kama embe hilo, ila chaenda mbele kwa kasi ya karibu kilometa 8 kwa kila sekunde, hata kila kiangukapo, nchi nayo yapinda chini yake. Nacho huizunguka dunia yote kwa muda wa saa moja na nusu hivi pasipo kugusa ardhi.

Ndani ya chombo hicho maji hayalali chini, kwa maana hakuna chini. Yakiachwa hujikusanya yenyewe kuwa donge la mviringo kama chungwa, yakaelea hewani. Povu la hewa lililo ndani ya maji halipandi, lakaa papo hapo. Jiwe halizami, wala kijiti hakina juu pa kuibukia. Basi, samaki akitiwa katika maji ya namna hii, atafanya nini?

Ili tupate kufahamu jibu, tutazame kwanza jinsi Muumba alivyomfanya samaki. Samaki wengi wana kibofu cha hewa ndani ya mwili, nacho huwasaidia wasizame wala wasipande pasipo kutaka. Pasipo uzito kibofu hiki hakina kazi ya kuwaeleza. Tena ndani ya kichwa, penye masikio yasiyoonekana kwa nje, mna vijiwe vidogo vigumu. Wengi wetu tumevikuta menoni tulipokuwa tukila kichwa cha samaki. Vijiwe hivyo vimekaa juu ya vinyweleo vyororo sana, na kijiwe kikilemea upande mmoja, samaki apata habari ya kuwa ameinama. Zaidi ya hayo yako macho. Kwa kuwa nuru ya jua huja toka juu, samaki hupenda nuru iangukie mgongo wake, na kwa njia hiyo nuru nayo humwambia juu ni wapi.

Mwaka 1935 Mjerumani mmoja mwenye elimu ya viumbe, Erich von Holst, alionyesha jinsi mambo haya mawili yafanyavyo kazi pamoja. Alipoangaza taa toka ubavuni mwa maji, samaki hakusimama wima kabisa, kama vijiwe vya sikio vilivyomwambia, wala hakulala ubavu kabisa, kama nuru ilivyomwambia. Bali aliinama katikati, mfano wa mwamuzi asikilizaye mashahidi wawili wasiopatana. Na samaki aliyeondolewa kiungo kile cha sikio alimfuata shahidi mmoja aliyesalia, yaani nuru. Haya yalijulikana kabla ya mtu kupanda angani. Lakini ilikuwa bado kujulikana itakuwaje shahidi wa kwanza akiwa mzima kabisa, ila hana neno la kusema.

Tarehe 28 Julai 1973 Wamarekani watatu, Alan Bean, Owen Garriott na Jack Lousma, walipanda kwenda kwenye kituo cha angani kilichoitwa Skylab, wakakaa huko siku 59. Walichukua samaki wawili wadogo wa aina ya wale waishio katika vinamasi vya pwani ya mashariki ya Marekani, na mayai 50 ya aina ile ile, katika mfuko wa plastiki wenye maji. Samaki wale wawili hawakuogelea kwenda mbele. Walijizungusha, kichwa kikifuata mkia, duara baada ya duara, kama mtoto apigaye vichwangomba asiyeweza kukoma. Siku zikapita. Baada ya majuma matatu hivi walionekana wakiogelea sawasawa, migongo yao imeelekea upande utokako nuru. Lakini mfuko ukitikiswa, mara walianza tena kuzunguka kama mwanzo.

Na mayai je? Karibu yote yaliangua. Watoto wale, waliozaliwa mahali pasipo chini, waliogelea sawasawa tangu siku ya kwanza, migongo yao kwenye nuru, wala hawakuzunguka kama wale wakubwa.

Mwezi wa Julai 1994 samaki wanne wa Kijapani, wa aina ndogo iishiyo katika mashamba ya mpunga, walipelekwa katika chombo kiitwacho Columbia. Mwalimu Kenichi Ijiri wa Chuo Kikuu cha Tokyo alikuwa amewachagua kwa uangalifu katika ukoo wa samaki ambao huyategemea sana macho yao, hata uzito ukiondolewa hawazunguki. Walikaa huko majuma mawili, wakataga mayai 43, na watoto 8 wakaanguliwa kabla ya kurudi. Lakini waliporudi nchini, wale wakubwa walikaa chini ya maji, wakawa wazito kujiinua, kama waliosahau matumizi ya kibofu chao. Ikawachukua siku kadhaa kuzoea. Mwaka 2012 samaki wa aina hiyo walipelekwa tena, nao walikaa angani karibu miezi miwili. Walipochunguzwa, mifupa ya koo yao, ile yenye meno, ilikuwa imepungua ugumu wake. Tena mwezi wa Aprili 2024 Wachina walipeleka samaki wanne wenye milia katika kituo chao kiitwacho Tiangong, nao pia walionekana wakiogelea tumbo juu na kujizungusha.

Hizo ndizo habari zenyewe. Sasa na tuliangalie lile swali.

Kila mmoja wetu amelelewa katika uzito. Hatusemi juu ya uzito wa mwili tu, bali juu ya ule uzito wa maisha ya pamoja: jicho la mama, sauti ya mjomba, desturi za ukoo, kengele ya kanisa, mzee wa usharika apitaye njiani jioni na kuuliza, Mbona hatukukuona Jumapili? Uzito huo hauonekani, kama vile kijiwe cha sikio kisivyoonekana. Lakini mchana na usiku humwambia kijana, Hapa ni juu, hapa ni chini, nawe umeinama kidogo, jisimamishe. Kijana huyo husimama wima, naye hudhani asimama kwa nguvu zake mwenyewe. Sisi nasi tukimtazama husema, Huyu ni kijana mwema.

Ndipo aondoka. Aenda mjini kutafuta kazi, au machimboni, au chuoni, au nchi ya mbali. Huko hakuna amjuaye jina la babaye. Akinywa, hakuna atakayeona haya kwa ajili yake; asipokwenda ibadani, hakuna atakayeuliza. Baada ya mwaka twasikia habari zake, twatikisa vichwa, twasema, Kumbe! Tangu zamani alikuwa mnafiki.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Tuwakumbuke wale samaki wawili. Hawakuwa wagonjwa, wala masikio yao hayakuharibika. Kijiwe kilikuwa mahali pake, nacho kilikuwa tayari kusema kweli kama siku zote, ila hakikuwa na cha kusema. Nao walizunguka, si kwa kuwa walikuwa wabaya kuliko wenzao waliobaki katika vinamasi vya kwao, bali kwa kuwa kile walichokitegemea kimenyamaza. Na wenzao waliobaki, je, walikuwa hodari kuliko wao? Wangalipelekwa wao, wangalizunguka vile vile. Basi sisi tuliobaki nyumbani, tusimamao wima kila Jumapili, tusijisifu upesi. Mtume Paulo awaonya Wakorintho ya kwamba anayejidhania kuwa amesimama ndiye apaswaye kuangalia. Huenda hatujasimama, huenda tumeshikiliwa.

Hapo mtu atasema, Kama ni hivyo, wema wa nyumbani ni uongo mtupu. Mtu atendaye mema kwa kuwa aonekana hatendi mema kabisa. Neno hili twalisikia kwa vijana wenye elimu, nalo lina sura ya hekima. Lakini halikubaliki. Yule samaki alipokuwa kwao aliogelea wima kweli, si kwa kuigiza. Alipata chakula chake, alimkimbia adui, alitaga mayai. Vivyo hivyo jirani aliyezuiwa na haya asiibe kuku wangu, kuku wangu yuko kweli, na watoto wangu hula mayai yake. Mungu ameweka sheria, na desturi njema, na macho ya watu, ili maisha yasiharibike, hata kabla mioyo haijageuka. Kipawa hicho tusikidharau. Ila tusikiite kwa jina lisilo lake: kuzuiwa si kuongoka.

Na tena tuangalie tusimwite mwenzetu aliyepinduka kabla ya kujua alivyoumbwa. Katika mito ya Kongo yuko samaki mdogo mwenye ndevu kama kambare, ambaye desturi yake ni kuogelea tumbo juu, akitafuta chakula upande wa chini wa majani yaliyo majini. Na tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo wake, kinyume cha samaki wengine. Huyo si mgonjwa wala hafi, ndivyo alivyo. Yako mambo mengi ya wageni na ya vijana ambayo kwetu ni kama kupinduka, mavazi, na nyimbo, na namna ya kusalimu, nayo si dhambi. Mwenye hekima hutazama kwanza kama samaki aenda mbele na kula, au azunguka tu pasipo kufika popote.

Sasa tuwarudie wale wawili baada ya majuma matatu. Ni nini kilichobadilika? Uzito haukurudi. Wala taa haikuletwa upya. Ilikuwa ikiwaka tangu siku ya kwanza, walipokuwa wakizunguka. Kilichobadilika ni hiki, ya kwamba walianza kumsikiliza zaidi shahidi ambaye zamani walimsikiliza nusu tu. Kwao wenyewe, katika vinamasi, hawakuhitaji kuitazama nuru sana, kwa kuwa uzito uliwatosha.

Ndivyo ilivyo kwa Mkristo wengi wetu tumjuaye. Nyumbani alikwenda kanisani kwa kuwa wote walikwenda. Katika upweke wa mji, baada ya kuzunguka kwake, alifungua kitabu alichopewa siku ya Kipaimara, akaona ya kuwa nuru ile ilikuwa ikimwangazia siku zote. Mtunga Zaburi ya 139 auliza aende wapi asionekane na Mungu, naye ajibu ya kwamba hata akipanda juu sana au akilala kuzimu, mkono ule ule upo. Yeye anenaye hivyo hakai kijijini tena. Amefika mahali pasipo chini, akakuta ya kuwa Mungu hakuachwa nyuma pamoja na wazee.

Lakini mfuko ulipotikiswa walizunguka tena. Jambo hili waalimu na wazee wa sharika walitie moyoni. Wima uliopatikana kwa nuru ni wa kweli, ila bado ni mchanga. Mara nyingi kijana aliyeanza kujirekebisha arudi nyumbani kwa sikukuu, nasi twampokea kwa kumkaripia mbele ya watu, twamhesabia makosa yake yote, twamweka mbali na Meza ya Bwana kwa hasira kuliko kwa huzuni. Arudipo mjini azunguka tena, nasi twasema, Tulijua. Naam, tulijua, kwa kuwa mikono yetu ndiyo iliyoutikisa mfuko. Maonyo ya kanisa ni ya lazima, wala hatusemi yaachwe. Lakini kuonya ni kumgeuza mtu aione nuru, si kumtikisa.

Twaja sasa kwa watoto wale waliozaliwa angani. Wazee wengi huhuzunika kwa ajili ya wajukuu waliozaliwa mijini, wasioijua lugha ya ukoo wala desturi zake. Husema, Mwacha mila ni mtumwa. Hawa hata mila ya kuiacha hawana, basi watapotea kabisa. Huzuni hiyo twaielewa. Lakini vifaranga wale wa samaki waliogelea sawa kuliko wakubwa wao. Kwa nini? Tukiruhusiwa kuwaza, twaona ya kuwa hawakuwa na cha kusahau. Ndani yao hapakuwa na shahidi aliyezoea kusema na sasa amenyamaza; waliikuta nuru, wakaifuata kwa usahili. Mtoto wa mjini aliyefundishwa habari za Bwana Yesu tangu kunyonya aweza kusimama wima mahali ambapo baba yake, mwenye mila zote, alianguka. Basi tusimwambie mtoto huyo, Pasipo desturi zetu huwezi kuwa mtu. Tumpe nuru, tena tumpe mapema.

Je, basi uzito hauna faida tena? Kama nuru yatosha kumwonyesha samaki juu ni wapi, mbona tusiache mizigo yote, tukaelea? Hapa ndipo wengi wa siku hizi walipojikwaa. Husema, Tumewekwa huru, imani ni jambo la moyo wangu na Mungu wangu, mimi si wa usharika wo wote wala sidaiwi na mtu. Tuikumbuke mifupa ya samaki wale wa mwaka 2012. Mifupa ilidhoofika kwa kukosa cha kuchukua. Na wale wa mwaka 1994, waliojua njia yao vizuri sana huko juu, waliporudi kwenye uzito walilala chini ya maji, hawawezi kujiinua. Nuru yaweza kuongoza mwendo. Lakini haitoi nguvu ya mfupa. Mfupa hupata nguvu kwa kuchukua mzigo.

Mtu wa namna hii twamfahamu. Ajua Maandiko, asema vizuri juu ya neema, hana lawama ya wazi. Lakini jirani akilazwa hospitali, hayuko. Msiba ukitokea, haonekani. Mchango wa kujenga nyumba ya mjane ukipitishwa, ana udhuru. Siku maisha yake mwenyewe yatakapokuwa mazito, kwa kufiwa au kwa ugonjwa, atakuta ya kuwa hana mfupa wa kumsimamisha. Mtume Paulo katika sura ya sita ya Wagalatia aagiza kuchukuliana mizigo, na baada ya maneno machache asema ya kuwa kila mtu atauchukua mzigo wake. Nayo yote mawili ayasema katika waraka ule ule uliojaa uhuru. Martin Luther naye, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, afundisha ya kwamba aliyewekwa huru kwa imani hujifanya mtumishi wa wote kwa upendo. Kwa hiyo uzito hauondolewi; hubadilishwa kazi yake. Zamani uzito ulinishika mimi nisianguke. Sasa mimi nimesimama kwa nuru, nami nauchukua uzito kwa ajili ya mwenzangu.

Limebaki neno moja, nalo ni gumu kuliko yote. Samaki asiye na uzito hugeuza mgongo wake kwenye nuru yo yote. Taa ikiwekwa upande mwingine, ageuka nayo. Hana njia ya kuuliza kama taa ile ni ya kweli. Na mijini taa ni nyingi. Wako wahubiri wa mali, wako wauzao maji na mafuta kwa jina la Bwana, wako wanenao katika simu za mkononi usiku na mchana, kila mmoja akisema, Nuru ni hapa. Kijana aliyeuacha uzito wa nyumbani amfuate nani? Bwana mwenyewe ameonya ya kwamba nuru iliyo ndani ya mtu yaweza kuwa giza, na Paulo aandika ya kuwa hata Shetani hujigeuza kuwa mfano wa malaika wa nuru. Basi kusema tu, Ifuate nuru, hakutoshi.

Sisi twajibu hivi. Samaki katika maji ya nyumbani ana mashahidi wawili, na mmoja humpima mwenziwe. Nuru ikimwita upande usio wake, kijiwe cha sikio humzuia asigeuke kabisa. Na sisi tuipime kila nuru kwa uzito. Nuru ikikuambia ya kuwa umwache mama yako mgonjwa kwa kuwa yeye ni kizuizi cha baraka zako, hiyo ni taa iliyowekwa chini. Nuru ikiahidi kukutua mizigo yote wala haikuonyeshi mzigo wa mtu mwingine hata mmoja, hiyo ni taa iliyowekwa chini, ijapokuwa yang'aa sana. Bali nuru ile ambayo, ukiisha kuigeukia, yakuonyesha mlango wa jirani yako na mzigo uliopo penye kizingiti, hiyo ndiyo yenye alama ya kweli.

Maana yule ajiitaye nuru ya ulimwengu hakukaa mahali pasipo uzito. Alikuja chini, akachukua mwili wenye kuchoka, akalala usingizi juu ya mto chomboni, akauchukua msalaba mpaka ukamlemea. Ndani yake mashahidi wawili wapatana. Ndiyo sababu aweza kuwaita wenye kulemewa awapumzishe, na papo hapo kuwapa nira, wala pasiwe na kinyume katika maneno yake.

Hatusemi ya kuwa samaki ni wanadamu, wala kijiwe cha sikio si dhamiri. Samaki hana dhambi. Alizunguka na akaacha kuzunguka pasipo sifa wala lawama. Mifano yote ina mwisho wake, na mwalimu aunyoshao mfano kupita kipimo chake aukata. Lakini Bwana alitutuma tuyatazame maua na ndege, nasi twadhani hatatukataza kuwatazama samaki.

Basi ninyi mfundishao darasa za Kipaimara, fanyeni jambo hili moja kabla ya mwaka kwisha. Mtoto akisema amri kwa moyo pasipo kukosa neno, mwulizeni tena kwa upole, Ukiwa mahali ambapo hakuna akujuaye, ni nini kitakachokuonyesha juu? Msimpe jibu upesi. Mwacheni afikiri hata juma lijalo. Na kijana wa usharika aondokapo kwenda mbali, msimpe barua ya kumtambulisha tu; tafuteni jina la mtu mmoja aliye huko, mwenye kuhitaji msaada, mjane au mgonjwa, mkamwambie kijana, Mwendee huyu kila Jumapili baada ya ibada, ukamchotee maji. Hivyo atakwenda akiwa na nuru ya kumwongoza na mzigo wa kumtia nguvu. Nanyi mtalala usingizi, hata kama hamwezi kumwona.